Mduara wa Kasense

Waliokuwepo ofisini alasiri ile walikuwa Raymond Sikazwe, mchoraji wa ramani za nyumba na mwenye ofisi. Asnath Sichone, msaidizi wake, ambaye ndiye aliyepima kiwanja. Coleta Nkana, muuguzi mstaafu, mwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa Kasense. Na kaka yake, Christopha Nkana, fundi mwashi aliyekuwa akiijenga. Hakukuwa na mwingine. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mji wa Sumbawanga, na mlango ulifungwa kwa sababu ya baridi.

Coleta alitaka dirisha la jikoni liongezwe upana. Raymond alifungua ramani kwenye kompyuta, nayo ikatokea kwa uvivu, chumba kimoja kimoja.

"Mashine yako imezeeka kunizidi," Christopha alisema.

"Mchoro ni mzito, fundi. Ngoja nipunguze ubora wa picha, utaona inavyokimbia."

Alipopunguza, miduara yote ikapata pembe. Tangi la maji likawa kama nati ya baiskeli.

"Ndiyo tangi langu hilo?" Coleta aliuliza. "Nitaoshea vyombo au nitafungulia gurudumu?"

"Ni kwenye kioo tu, mama. Kompyuta huchora duara kwa vistari vilivyonyooka. Ukiipunguzia kazi, inatumia vistari vichache. Kwenye karatasi litatoka zuri."

"Na hili la sebuleni, mbona halina pembe?"

Wote walitazama. Katikati ya sebule palikuwa na mduara laini kama mdomo wa chungu. Raymond hakuwa ameuchora. Aliufuta, ramani ikajichora upya, na mduara ukawa pale pale. Alishusha ubora hadi mwisho, tangi likabaki na pembe za kuhesabika, lakini mduara ule haukubadilika.

Asnath alimsogelea. "Kaka Raymond," alinong'ona, "hapo ndipo nilipopima ilungu."

Ilungu ni tanuru la udongo ambalo mababu wa Wafipa waliyeyushia chuma. Asnath alikuta nusu yake imesimama kwenye nyasi, akalichora kwenye tabaka lake peke yake ndani ya ramani, ambalo huweza kuonyeshwa au kuzimwa bila kugusa mchoro mwingine. Baadaye kompyuta ilipokuwa ikikwama, Raymond alilizima tabaka hilo ili kazi iende, akalisahau, na sebule akaipanga juu yake.

"Tabaka bado limezimwa," Raymond alijibu kwa sauti ya chini. "Tazama mwenyewe. Limezimwa."

"Mnanong'ona nini?" Christopha aliuliza. "Ilungu gani? Pale palikuwa na kichuguu. Nimekivunja, na udongo wake nimefyatulia tofali za sebule."

Mafundi wa huko huupenda udongo wa kichuguu kwa sababu hushikana vizuri, na ilungu lililoota nyasi hufanana na kichuguu. Kama ramani ingelionyesha, Christopha angekwenda kwanza kwa wazee wa Kasense, kama ilivyo desturi, kuomba ruhusa ya kuligusa.

Feni ya kompyuta ilianza kuvuma, ikapumzika, ikavuma, na Christopha, ambaye utotoni aliwahi kuona mivukuto ya mhunzi ikifanya kazi, alisema polepole kwamba huo si mlio wa feni. Ndipo harufu ya mkaa na ya chuma cha moto ilipoingia, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na mvua ilikuwa ikipiga kioo, na pale kwenye ramani kuta za sebule zikaanza kujisogeza nyuma, mstari baada ya mstari, bila mkono wa mtu kugusa chochote, kama watu wanaompisha mkubwa anayeingia. Raymond alichomoa waya wa umeme. Picha haikuzimika.

Coleta alimpigia simu Adolfu Mwanisawa wa Kasense, mganga wa wenye majini, ambaye babu yake aliyeyusha chuma. Alifika kwa bodaboda, ameloa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakukaa. Alisimama mbele ya kioo muda mrefu. "Jini huyu aliitwa na watu akae kwenye moto. Moto ulikwisha, yeye akabaki nyumbani kwake. Aliyeibomoa nyumba yake aseme. Aliyeificha naye aseme. Kila mmoja kwa kinywa chake. Atakayenyamaza, huyu atahamia kwake, na hatamwacha hai."

"Nilibomoa mimi, Christopha Nkana," fundi alisema. "Sikujua, mzee. Nitaurudisha udongo wote."

Adolfu alingoja. Asnath alimtazama Raymond. Raymond alimtazama Coleta, aliyekuwa amemaliza kiinua mgongo chake chote kwenye kuta zile.

"Kompyuta hizi zina matatizo yake," Raymond alisema. "Mimi nachora tu."

"Kaka, sema," Asnath alinong'ona.

"Hebu niache."

Christopha alivunja kuta za sebule, akaziponda tofali, akaurudisha udongo kwa mikono yake mwenyewe. Siku alipomaliza, Asnath alifungua ramani, akaliwasha tabaka la ilungu. Mduara wa sebuleni ulikuwa na pembe kama mingine, na kompyuta ilikwenda kwa wepesi ambao hakuwa amewahi kuuona.

Raymond alicheka sana. "Si niliwaambia? Mzee wenu amewavunjisha nyumba bure."

Wiki ileile Fransiska, mke wa Raymond, alimfuata Asnath sokoni akamvuta kando.

"Mdogo wangu, huko ofisini mnachoma nini? Nguo zake nafua, zinarudi na moshi. Na akilala kifua kinavuma, kinapumzika, kinavuma. Nikimgusa, ananiunguza."

Asnath alikwenda moja kwa moja ofisini, akamkuta Raymond amekaa bila shati katika baridi ile, jasho likimtiririka.

"Mpigie mzee Adolfu. Sema neno moja tu, kaka. Mama Coleta atakusamehe."

"Atanishtaki."

"Basi akushtaki!"

Raymond alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa moshi mwembamba, na hakuna neno lililoufuata.

Raymond Sikazwe alifariki Jumatano asubuhi, akazikwa Alhamisi.