Viazi vya Jennet Gilliland

Jennet Gilliland alikamua ng'ombe, akawapikia watoto wake uji, kisha akatoka kwenda shambani. Majani ya viazi yalikuwa yamenyauka. Viazi vilikuwa tayari, lakini mchimbaji hakuwapo. Mumewe, Hugh, alikuwa amefungwa katika gereza la Carrickfergus tangu Septemba. Kosa lake lilikuwa kumwapisha mtu kiapo cha Umoja wa Waayalandi, chama cha siri kilichotaka kuing'oa Ayalandi mikononi mwa Waingereza.

"Barafu ikianguka kabla hatujachimba, vitaoza vyote," Jennet alimwambia baba mkwe wake, Mzee Sampson.

"Nitachimba mwenyewe."

"Kwa mgongo huo, baba? Juzi ulichimba tuta moja, jana ukashinda kitandani."

Mzee akapandwa na hasira. "Basi nitaichoma nyumba ya yule msimamizi wa mwenye ardhi! Ndiye aliyemchongea mwanangu!"

Phelim McAtamney, mhunzi wa jirani, alikuwa anapita. Akasimama.

"Choma, mzee. Kesho watakunyonga, na mfalme wa Uingereza hatajua hata jina lako."

"Wewe Mkatoliki usinifundishe."

Phelim akacheka. "Haya, nijibu tu. Fungu la kumi la mavuno yako linakwenda wapi?"

"Kanisa la serikali."

"Unasali huko?"

"Thubutu! Mimi Mpresbiteri."

"Na mimi natoa hukohuko, na sisali huko. Bungeni Dublin kuna Mkatoliki?"

"Hata mmoja."

"Na ninyi je?"

"Wa kutafuta kwa taa."

"Na hao waliomo wanaitika London. Sasa mimi na wewe tukigombania misa, nani anafaidi?"

Mzee Sampson akakaa juu ya tuta. Jennet ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo mnapanga nini, shemeji?"

"Sisi wa Umoja tunajipanga katika vikundi vidogo vya watu wanaojuana. Kila kikundi kinachagua kiongozi wake. Viongozi nao wanachagua wa tarafa, mpaka juu. Mtu akikamatwa, akapigwa, majina anayoyajua ni machache. Vikaoni hatunywi pombe, maana mlevi hana siri. Na hatuanzi leo kwa hasira. Tunangoja tuwe wengi, tuwe na silaha, na meli za Wafaransa zifike kutusaidia."

"Na watu wengi hivyo watajifunza wapi kutembea kama jeshi, bila kukamatwa?"

"Shambani kwako," Phelim akajibu. "Hakuna sheria inayokataza kumchimbia jirani viazi. Alhamisi asubuhi, andaa shimo la kuvihifadhi."

Alhamisi walifika. Walikuja wanne wanne, mabeleshi begani, na wanawake nyuma yao na makapu. Wapresbiteri walitoka bondeni, Wakatoliki milimani. Jennet alihesabu mpaka mia tatu, akaacha. Phelim aliinua mkono, wote wakasimama kwa pamoja. Akaushusha, mabeleshi yakaingia ardhini.

Mara wakatokea askari wa farasi. Ofisa wao akafoka, "Mkutano gani huu?"

Jennet akajifuta udongo mikononi. "Tunachimba viazi, bwana. Ukitaka kusaidia, shuka."

Watu wakaangua kicheko. Askari walipekua makapu yote wakitafuta silaha. Walikuta viazi tu. Ofisa alibaki juu ya farasi wake, uso umemwiva, akitazama shamba likimalizika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chungu cha maji. Viazi vikatiwa shimoni, vikafunikwa kwa majani makavu. Kisha watu wakajipanga tena, wakaondoka bila kelele.

Jumapili Mzee Sampson alikwenda kwa Phelim bila kuitwa, akala kiapo cha Umoja.

Baada ya wiki mbili Jennet aliruhusiwa kumwona Hugh gerezani. Alikuwa amekonda. Neno lake la kwanza likawa, "Viazi?"

"Viko shimoni vyote. Watoto wanakula mpaka wanasaza."

"Nani alichimba?"

"Jimbo zima la Antrim. Wenzetu na Wakatoliki, bega kwa bega."

Hugh akashika nondo za dirisha. "Na baba alisemaje?"

"Baba yako?" Jennet akatabasamu. "Sasa anafanya mazoezi kila Jumamosi. Phelim anasema hatua zake zimenyooka kuliko za vijana."