Njia ya Mwangangi

Wewe unayesikiliza, ushawahi kuona marehemu akichonga barabara?

Kaluki aliona. Alikuwa na digrii ya ramani na miaka mitatu ya kutarmac, kuzunguka akitafuta kazi, Thika hadi Ruiru, mpaka zahanati moja Witeithie ikamchukua kwa kazi ya kujitolea, yaani bure na asante utapewa baadaye. Akaiundia ambulensi ramani kwa programu huria, ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuitia njia zake. Vichochoro vya Theta, kijiji cha jirani, havikuwa kwenye ramani yoyote, so akavikusanya kutoka simu za watu wa nduthi, hizi pikipiki za abiria: wakipita mahali mara nyingi, programu inaamini pana barabara. Akaifunza pia kwamba mvua ikinyesha, ikwepe matope.

Siku moja mstari mwembamba ukatokea juu ya timbo la mawe, shimo lililochimbwa likaachwa wazi, likajaa maji. Akaufuta. Kesho yake ulikuwa umerudi, mnene zaidi. Akatafuta simu iliyouchora. Ilikuwa ya Mwangangi, aliyeteleza humo na nduthi yake mwaka jana, na mpaka leo hajatolewa. Wakubwa walisema hakuna pampu.

Alipomweleza msimamizi wa zahanati, huyo akamuuliza kama huko kampasi walisomea uganga.

Kisha mvua ikaja, na Idah wa Theta akashikwa na uchungu. Walipokuwa wakimpeleka zahanati, Kaluki ameketi mbele na Githae, dereva, programu ikakataa kila barabara ya udongo, ikachagua ile moja isiyo na matope hata chembe. Githae akapinda, na ukungu ukawafunika, na harufu ya petroli na kuvu ikajaa ndani ya gari ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na mbele yao taa nyekundu ya nduthi ikawaka, ikienda polepole kama mtu anayekungoja, na Githae akaifuata kwa raha zake huku Idah akiugua nyuma na mlio wa injini ukisikika mzito, kama unatoka chini ya maji.

"Githae, simamisha," Kaluki akanong'ona.

"Si kuna msee amepita hapo mbele?"

"Huyo ni Mwangangi."

Breki zikalia. Taa nyekundu ikashuka ndani ya maji, na maji hayakutikisika. Idah akajifungulia palepale ukingoni. Mtoto alipolia, honi ikajibu kutoka chini.

Kanisa likaleta pasta kukemea pepo. Ngina, mamake Mwangangi, akamshika mkono kwa upole.

"Pasta, mtoto wangu hana pepo. Anataka kutolewa."

Kaluki ameufuta mstari huo mpaka amechoka. Kila mvua unarudi, na sasa umefika geti la shule ya nasari.

Basi nyinyi mliochimba mkashiba mkaenda, na nyinyi mliowapa kibali, msituletee maombi. Leteni pampu. Mtoeni Mwangangi, mumpe mamake azike, kisha mlifukie hilo shimo. Na iwe kabla ya mvua, si kabla ya kura.