Moto Aliopewa Dolphine

Tetesi zile zilianzia kisimani. Dolphine alikuwa ameinama akijaza jerikeni, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda shule, rafiki yake Terry alipomsogelea.

"Dolphine, si ni kweli kaka yako alikunywa uji wa Nyanya Nyamoita kabla ya kufa?"

"Alikunywa."

"Basi! Watu wanasema uji ule ulikuwa na kitu. Hujaona macho yake yalivyo mekundu? Yule ni mchawi."

"Hata mama ana macho mekundu akitoka jikoni."

"Haya, mimi nimekwambia tu. Usiseme ni mimi."

Dolphine alijitwika maji akaenda zake, lakini maneno yale yalimfuata mpaka darasani. Mwalimu akiuliza jibu la hesabu, yeye anaona bakuli la uji.

Huo ulikuwa mwaka wa 1993, katika kijiji kimoja nje ya mji wa Migori. Kaka yake Omosa alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mcheshi, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani. Alizitoa kisiwani Remba, akazipitishia Homa Bay na kuja kuziuza Migori. Siku ya Sabato aliwafundisha watoto katika kanisa lao dogo la Waadventista. Safari yake ya mwisho alirudi akitetemeka. Alikuwa amenunua vidonge viwili dukani, akajifunika blanketi na kusema, "Msijali, kesho nitakuwa sawa." Jioni hiyo Nyanya Nyamoita, jirani yao mjane, alimletea uji. Kufikia kesho yake Omosa alikuwa anaropoka. Alipofikishwa hospitalini, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani.

Daktari alisema wazi kuwa ni malaria. Lakini malaria haina uso wa kupigwa kofi. Nyanya Nyamoita alikuwa nao.

Baada ya mazishi, baba alirudi kazini Homa Bay, na Dolphine akakataa kwenda kanisani.

"Mama, Mungu alikuwa wapi?"

Mama yake, Mong'ina, hakumkemea. "Hata mimi nimemuuliza, mwanangu. Bado namuuliza. Lakini namuuliza nikiwa nimemshika mkono, simwachilii."

Sabato iliyofuata mama alienda kwenye maombi ya alasiri, akamwacha Dolphine nyumbani. Mara firimbi za kuwaita watu zikalia. Baba mdogo Ombati aliingia uani akihema, panga mkononi. Nyuma yake walikuwa vijana wenye marungu na mawe. Bichage, rafiki wa Omosa, alishika mwenge wa nyasi unaonuka mafuta ya taa.

"Dolphine, toka!" Ombati aliita. "Tumetoka kwa mganga kule mpakani, Isebania. Omosa ameongea!"

"Nani ameongea?"

"Omosa! Kwa sauti yake mwenyewe. Amesema hatapumzika mpaka yule mchawi achomwe."

Walimshika mkono wakakatiza shamba la viazi vitamu wakikanyaga kila kitu. Walipofika kwa Nyanya Nyamoita, mbwa wa bibi alitoka akibweka. Panga likashuka mara moja, akanyamaza. Vijana waliufunga mlango kwa waya kutoka nje. Mawe yakaanza kupiga kuta, udongo ukawa unadondoka mapande mapande. Ndani mlisikika sauti nyembamba ikiomba.

Ombati aliuwasha mwenge, akamkabidhi Dolphine. Macho yake yalijaa machozi na hasira. "Wewe ndiye dada yake. Anza wewe. Sisi tutamalizia."

Na tusidanganyane: Dolphine alitaka kuwasha. Kifua chake kilikuwa kimekaza tangu siku ya kaburi, akaona kwamba moto ule ungekifungua. Aliuinua mwenge hadi karibu na nyasi za paa.

Kwenye ufa wa mlango lilitokea jicho jekundu. "Dolphine? Ni wewe, mjukuu wangu? Usishike hivyo, cheche zinakuangukia kwenye gauni. Utaungua!"

Dolphine aliushusha mwenge. Alitazama gauni lake. Ni kweli, cheche moja ilikuwa imetoboa tundu kiunoni. Aliizima kwa kiganja, akageuka.

"Baba mdogo, Omosa amesema hatapumzika?"

"Ndiyo! Washa!"

"Lakini Omosa mwenyewe ndiye aliyetufundisha kanisani. Alisema aliyekufa amelala kama mtoto mgongoni mwa mama yake sokoni. Kelele zote hazisikii, hamwiti mtu, mpaka Yesu aje amwamshe. Sasa huyo aliyeongea na mganga ni nani?"

"Usituletee mambo ya Sabato hapa!" Bichage alifoka.

"Kama Omosa anazungukazunguka akitafuta watu wa kuchoma, basi hajalala. Na kama hajalala, ataamshwa vipi? Nimebaki na hilo tu, kwamba ataamka nimwone. Mnataka kuninyang'anya na hilo?" Sauti yake ilipasuka. "Tena ule uji nilikunywa mimi pia! Alikunywa nusu, akaniachia nusu. Mbona mimi sijafa?"

Panga la Ombati likashuka taratibu. "Ulikunywa?" aliuliza. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Bichage hakungoja. Alimpokonya mwenge akautupa juu. Nyasi zilikuwa kavu, moto ukazimeza kwa mngurumo. Ndani bibi alipiga yowe. Dolphine aliurukia mlango, akawa anaukunjua ule waya kwa vidole. Jiwe lilimpiga begani, jingine likapasua mbao karibu na sikio lake. "Mchawi mdogo huyo!" mtu alipaza sauti.

Ndipo mama yake akafika. Kina mama wa kanisani walikuwa wameuona moshi wakatimua mbio na mavazi yao meupe. Mong'ina alipenya katikati ya vijana, akashika waya pamoja na binti yake, wakavuta mpaka ukakatika. Wakamtoa Nyanya Nyamoita akitambaa, shuka lake likiwaka, ngozi ya mkono imebabuka. Mong'ina akamlalia juu kumzimia moto.

Rungu la Bichage lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Lilitua kwenye paji la uso la Mong'ina, damu ikatiririka hadi kwenye gauni lake la Sabato. Bichage akaliinua tena.

"Shemeji!" Ombati alinguruma. Alimkumba Bichage wakaanguka wote, wakapigana ngumi na mateke mavumbini mpaka rungu likamtoka. "Huyo ni mama yake Omosa! Unampiga mama yake Omosa kwa jina la Omosa?"

Paa likaporomoka kwa kishindo. Vijana waliangusha mawe yao mmoja mmoja, wakatawanyika pasipo kutazamana. Chifu alipofika na polisi, Ombati hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe akaeleza kila kitu, akapelekwa kituoni pamoja na Bichage.

Hospitalini Mong'ina alishonwa, na bibi akafungwa bendeji mkono mzima. Dolphine alikaa kwenye benchi katikati yao. Huko ndiko alikolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kilio kirefu cha kutikisa mabega. Nyanya Nyamoita alimpapasa kichwa kwa mkono wake mwingine.

"Mama," Dolphine alisema alipotulia, "Omosa amelala kweli?"

"Amelala, mwanangu. Nami namlilia kila siku, kulia si dhambi. Lakini nikilia najua kuna asubuhi ataitwa kwa jina lake, naye ataitika. Mtu mwenye tumaini hilo hahitaji kuchoma nyumba ya mtu ili apate usingizi. Leo ulilishika tumaini hilo, ukauacha moto. Usiliachilie tena."

Ombati alipotoka kifungoni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata nyasi za paa jipya la Nyanya Nyamoita. Siku za Sabato Dolphine alimshika bibi mkono wakaenda kanisani. Watoto wadogo walipouliza Mwalimu Omosa yuko wapi, Dolphine ndiye aliyewajibu kwamba amelala, ataamshwa.

Na haya ndiyo Mong'ina aliyotaka kila mtoto ayaepuke:

Usibebe maneno ya kisimani kabla hujayauliza nyumbani. Na ukijua ukweli, usikae nao kimya.

Usinunue vidonge viwili dukani ukasema umepona. Homa ikianza, nenda hospitalini siku hiyohiyo, na dawa uimalize.

Usimwite mtu mchawi kwa sababu ni mzee, au yuko peke yake, au ana macho mekundu. Huo ni moshi wa jikoni.

Usiende kwa mganga kuuliza nani ameua. Atakutajia jirani yako.

Ukisikia firimbi na kuona watu wanakimbia na mawe, usifuate, hata kutazama tu.

Usikubali kupewa moto ushike kwa niaba ya marehemu. Hajaomba moto. Amelala.