Mara Mbili Ukutani

Siku ya tatu ya homa, ukuta ulijibu kabla mshonaji hajaugonga.

Alikuwa ameinua mkasi tu, hajaugusisha popote, akasikia kutoka chumba cha pili: ko, ko. Akatabasamu hata hivyo. Alikuwa na sketi thelathini na mbili za sare ya shule za kupinda kabla ya Jumatatu, na mtu mwenye mzigo wa namna hiyo haichunguzi habari njema. Akakanyaga cherehani, akaendelea.

Mpango huo wa kugonga alipewa na mama mkwe wake. Chumba cha mbele alishonea, cha nyuma alilala binti yake wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ilipomwangusha, mshonaji alitaka kuacha kazi akae naye. Mama mkwe akamzuia.

“Mwanangu, utainuka mara ngapi? Gonga ukuta kwa mkasi. Akikujibu mara mbili, mzima huyo. Mimi nililea hivyohivyo.”

“Lakini Mama, si tumpeleke tu hospitali?”

“Kwa homa? Watoto wote wanachemka, wewe! Kaa ushone. Mimi nipo, nitamtazama.”

Alimwamini, na kwa nini asimwamini? Mumewe alikuwa safarini na lori wiki nzima. Mama huyu ndiye aliyemfundisha hata kutunga uzi kwenye hiyo cherehani, na hakuwahi kumtupia neno baya tangu aolewe.

Dawa ya kushusha homa ilimtuliza Chiriku kwa saa chache, kisha joto likarudi. Siku ya pili alikunywa maji mafunda mawili. Siku ya tatu mama mkwe alianza kumpokea mshonaji kikombe cha maji mlangoni, akakirudisha kitupu. “Kamaliza yote,” alinong’ona. “Sasa kalala, usimwamshe.” Nyuma yake ilitoka harufu ya udongo mbichi, na mwezi ule mvua haikuwa imenyesha hata tone.

Saa nane mchana akaja muuguzi wa zahanati kuchukua gauni lake la kazi, lililopanuliwa kiuno. Akiwa analijaribu juu ya nguo zake, mshonaji akagonga ukuta. Ko, ko, ukajibu.

“Nani huyo?” muuguzi aliuliza, akicheka.

“Binti yangu. Ana homa, leo siku ya tatu. Anaendelea vizuri.”

Muuguzi akaacha kucheka. “Amekunywa maji?”

“Bibi yake anasema amekunywa.”

“Amekojoa?”

Mshonaji aliutazama mlango wa nyuma. Hakujua.

“Ukimwita anafungua macho? Anakutambua?”

“Dada, anagonga. Umemsikia mwenyewe.”

“Sikukuuliza kama anagonga, fundi. Nimekuuliza kama anakutambua.”

Waliingia pamoja. Chumba kilikuwa na mwanga wote wa mchana, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye, kwamba hakuna kilichofichwa na giza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kampa mtoto mgongo, uso ameuelekeza ukutani, na kikombe cha maji alikuwa akikimimina taratibu kwenye kona ya chini ya ukuta, pale plasta ilipobanduka, na maji hayakutapakaa, yaliingia, yakinywewa kwa sauti ndogo ya koo lenye kiu. Na kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka dirishani, hatua nne nzima kutoka ukutani, na juu yake Chiriku alilala midomo imepasuka, macho nusu wazi yasiyomfuata mtu, mikono yote miwili imelegea juu ya shuka, haiwezi kuinua hata kidole. Na walipokuwa wamesimama hapo wakiitazama mikono hiyo, chini kabisa, usawa wa goti, ukuta ukagonga mara mbili.

“Mama,” mshonaji alisema, “ni nani huyo?”

Mama mkwe akaendelea kumimina.

Mikono ya muuguzi ilijua kazi. Akaingiza kiganja chini ya kisogo cha mtoto, akajaribu kukiinua, na shingo ikakataa kukunjika. “Mbebe. Sasa hivi. Usitafute nguo, usitafute viatu, twende!”

Walipovuka kizingiti, kitu kiliupiga ukuta kwa nguvu, tena na tena, bila kuhesabu. Muuguzi hakugeuka, akamsukuma mshonaji hadi barabarani, na kelele zikaishia mlangoni.

Daktari hospitalini alisema ugonjwa umefika kwenye utando wa ubongo, na kwamba hadi jioni wangekuwa wamechelewa. “Hanywi, hakojoi, haamki, shingo imekakamaa,” alisema. “Moja tu kati ya hayo lilitosha kumleta. Mlikuwa mnasubiri nini?”

Siku ya tano hospitalini Chiriku aliomba uji, kisha akaanza kuuliza maswali, na wodi nzima ikajua amepona. Hapo ndipo mama yake aliporudi nyumbani kuchukua cherehani. Mama mkwe alikuwa palepale kwenye kigoda.

“Ulijua,” mshonaji alisema.

“Wa kwangu alikuwa na homa hivyohivyo. Mimi nashona huko mbele, yeye ananijibu. Siku tatu. Jirani alipoingia akakuta mtoto amekufa tangu juzi yake.” Mwanamke mzee aliupapasa ukuta. “Asubuhi ile ile alikuwa amenigongea.”

“Huyo si mwanao, Mama!”

“Najua si yeye. Nimejua miaka yote. Lakini ananijibu.” Akainamisha kichwa. “Aliniomba mwenzake wa kukaa naye humo.”

Kikombe kile mshonaji alikijaza kwa mikono yake, akakitoa kwa imani, na aliyekipokea alikuwa ameshamtoa Chiriku kwa huo ukuta. Alitaka kumpiga. Alibeba cherehani, akatoka.

Walihamia chumba kimoja, mtaa wa pili. Kitanda cha Chiriku kiliwekwa kando ya cherehani, bila ukuta kati yao. Mumewe alikwenda kumjulia hali mama yake kila aliporudi safari. Mshonaji hakukanyaga tena.

Miezi minane baadaye, mumewe akiwa safarini, jirani wa zamani alimpigia simu.

“Mama mkwe wako ana homa, leo siku ya tatu hajatoka. Lakini usihangaike kuja, mzima. Tukimgongea mlango anajibu. Mara mbili.”

Mshonaji alimkabidhi Chiriku kwa mwenye nyumba, akakimbia kumwahi mama mkwe, mkasi bado mkononi, akilia kwa hasira, maana hakuwa amemsamehe.