Mkasi Urudi Mahali Pake

Kila asubuhi fundi cherehani alikaa kitini akaanza kuutafuta mkasi. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi mitatu nyuma, na mkono wake wa kulia ulibaki mzito kama wa mtu mwingine. Zamani alikata suruali huku akibishana na wateja, bila hata kukitazama kitambaa. Sasa mstari mmoja tu ulimtoa jasho.

Mkewe alihangaika kumsaidia. Jumatatu aliuhamishia mkasi kushoto. Jumatano akaigeuza meza. Ijumaa akapandisha chaki na nyuzi rafuni, kwa sababu jirani alimwambia ubongo unapenda mambo mapya. Fundi naye alijilazimisha kukata kutwa nzima. Kila siku alianza upya, na kila siku alichoka zaidi.

"Uza hiyo cherehani, mama watoto," alisema mwishowe. "Mimi basi tena."

Mkewe alikwenda zahanati akamleta mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mtaalamu huyo alimtazama fundi akikata, kisha akauliza zamani mkasi ulikaa wapi. Fundi akaonyesha papo hapo: kulia, kando ya gurudumu la cherehani.

"Hilo ubongo wako haujasahau, fundi. Sehemu moja imeumia, nyingine zinaweza kujifunza kazi yake. Lakini zinajifunza kwa kurudia. Mkihamisha kila kitu kila siku, zishike lipi?"

"Kumbe mimi ndiye ninayemchosha?" mke aliuliza.

"Mnachoshana. Wewe huiachi meza itulie, yeye hajui kupumzika."

Fundi alicheka kidogo. Tangu augue hakuwa amecheka.

Mtaalamu aliagiza vitu vyote virudi mahali pake. Kibadilike kimoja tu: mpini wa mkasi uzungushiwe kitambaa, vidole vipate kushika. Akate dakika kumi, apumzike, arudie. Alale vya kutosha, maana usingizini ubongo huimarisha ulichojifunza. Dawa za presha asiziruke. Akawaambia wazi kwamba itachukua muda, na huenda si nguvu zote zitakazorudi.

Wiki tatu zilipita bila dalili yoyote ya nafuu. Fundi alinung'unika, akakata, akapumzika, akakata tena.

Wiki ya saba, fundi akiwa anakata, alikuja mteja aliyetaka suruali fupi kupita kiasi. Fundi akambishia, mteja naye akabisha. Fundi alipotazama chini, mkasi ulikuwa umefika mwisho wa kitambaa.

Mstari ulipinda kidogo. Pindo lingeuficha. Akauweka mkasi kulia, akamwomba mkewe maji.