Ufunguo Uliochongwa Mapema

Vani ilizima katikati ya makutano ya soko kuu, saa ya watu kutoka kazini, na honi zikaanza kabla haijasimama vizuri. Kwenye usukani alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi: gauni la njano, viatu vyekundu vya kisigino, na maua ya karatasi yamejaa nyuma yake mpaka kwenye kioo. Alizungusha ufunguo. Starta ilizunguka, injini haikushika.

"Mama, toa hilo kaburi barabarani!" dereva wa lori akapiga kelele.

"Njoo uzikwe humu wewe kwanza!"

Aliyecheka alikuwa mwanamume wa ng'ambo ya barabara, ovaroli ya buluu, waya wa testa ya kupimia umeme umening'inia shingoni kama cheni. Alikuwa fundi umeme wa magari, na watu wote walimwita Fyuzi. Alivuka, akafungua mlango wa abiria bila kuomba ruhusa, akainama chini ya dashibodi.

"Dada, nipe kiatu."

"Cha nini?"

"Kimoja tu. Sitakimbia nacho, si saizi yangu."

Akampa. Fyuzi akagonga kwa kisigino kiboksi cha bati kilichofungwa kule ndani, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe.

"Washa."

Injini ikashika. Mpambaji akabaki na kiatu mguu mmoja, mdomo wazi.

Kesho yake mpambaji alilipeleka gari gereji kwa Fyuzi. Fyuzi aliazima draya ya nywele saluni ya jirani, akakipulizia hewa ya moto kile kiboksi huku injini ikinguruma. Baada ya muda ikafa. Akagonga, akawasha, ikafufuka.

"Hii ndiyo kompyuta ya injini," akasema. "Ndiyo inayoamrisha pampu ya mafuta na plagi. Umeme wa betri unaifikia, nimepima. Lakini ndani kuna sehemu iliyochomelewa imepasuka. Ikipata joto inaachana, ukigonga inashikana."

"Kama shangazi yangu na mumewe."

"Dawa ni kubadilisha. Ila kompyuta ya gari lingine haitambui ufunguo wako. Lazima nipate vani kama hii iliyokwisha kufa, nitoe kompyuta pamoja na kile kidude cha ndani ya ufunguo wake, ambacho kompyuta hiyo inakitambua. Nipe muda nitafute."

"Na wakati unatafuta?"

"Ikizima, gonga. Ikikataa, nipigie."

Akampigia. Akampigia mpaka jina lake likawa la kwanza kwenye simu ya Fyuzi.

"Haloo, fundi viatu."

"Imezima tena?"

"Nimeigonga mpaka kisigino kimelegea. Niko mbele ya benki. Njoo na maji ya kunywa, na uje umeoga."

"Nakuja na sabuni, mpenzi, unisugue mwenyewe."

"Ishia hapo hapo! Nimeweka spika, mama yangu yuko kwenye gari."

Hivyo ndivyo walivyopendana, pembeni ya barabara, boneti juu.

Lakini kompyuta ilikuwa imeshapatikana. Fyuzi aliipata mapema kabisa kwenye uwanja wa magari mabovu, pamoja na kile kidude. Siku moja aliuomba ufunguo wa mpambaji, akasema anakwenda kuupima. Alikwenda kwa mchonga funguo, akachongesha mwingine wenye meno yale yale, akakitia kidude ndani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya saa moja. Kila akitaka kuifanya, simu ililia, na ile sauti ikasema imezima, njoo. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Akavifungia vitu vyote kabatini nyuma ya makopo ya rangi, akasema bado anatafuta. Aliona aibu, lakini alikuwa hajakamatwa, kwa hiyo aliivumilia.

Ikaja harusi ya mdogo wake mpambaji. Bibi harusi alikataa gari la kukodi. Alitaka vani ya dada yake, iliyopambwa na dada yake. Jua la mchana, foleni ndefu kabla ya daraja, na kompyuta ikapata joto. Mpambaji aligonga kwa kisigino, akagonga kwa spana, akagonga kwa ngumi huku analia. Haikuamka.

Fyuzi alikuwa ukumbini, suti mpya, akingoja. Simu ilipolia alikimbia kwa miguu. Akakutana nao njiani: bibi harusi anatembea kwenye matope ya mtaro uliofurika mvua ya usiku, gauni jeupe limelowa mpaka magotini, watu wanapiga picha kwa simu na kucheka. Mama mtu alikuwa nyuma ameshika mkia wa gauni.

"Si wewe fundi?" mama akamuuliza. "Miezi yote hii kigari kimoja kimekushinda?"

Fyuzi aliinama. Alishika upande mmoja wa gauni, akatembea nao akiangalia chini.

Asubuhi iliyofuata, vani ikiwa imevutwa mpaka gereji, alifungua kabati. Alitoa kompyuta mbovu, akafunga nyingine, akachomeka soketi yake, akampa mpambaji ule ufunguo aliouchongesha.

"Washa."

Ikawaka mara moja. Mpambaji hakufurahi. Alikuwa anauangalia ufunguo.

"Huu una meno ya gari langu."

"Ndiyo."

"Na una kutu. Umechonga lini?"

Draya ya saluni ya jirani ilikuwa inavuma. Fyuzi alifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Fyuzi, nakuuliza. Lini?"

"Ile siku uliyoniletea chai kwenye chupa. Nilikwambia naenda kuupima."

"Mvua zilikuwa hazijaanza!" Akazima injini. "Mdogo wangu amechekwa na mji mzima, na hii ilikuwa kabatini?"

"Niliona nikiitengeneza hutanipigia tena."

"Ningekupigia, mjinga wewe. Ningekupigia kukuuliza kama umekula."

Akaondoka. Gari halikuzima tena, na simu haikulia.

Fyuzi alikaa na aibu ile mpaka ikamshinda. Jumapili alikwenda kwa mama mtu. Alimkuta uani na bibi harusi, beseni katikati yao, wanafua lile gauni. Alama ya tope pindoni ilikuwa imekataa kutoka.

"Mama, kompyuta nilikuwa nayo," akasema akiwa bado amesimama. "Niliificha ili binti yako aendelee kuniita. Harusi nimeiharibu mimi."

Mama akamsukumia beseni.

"Haya. Fua."

Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Majirani walichungulia juu ya ukuta, wakaitana waje waone mwanamume anavyofua gauni la harusi. Masikio yalimwaka moto, akaendelea kusugua.

"Taratibu, shemeji," bibi harusi akasema. "Hiyo si injini."

Aliposikia ameitwa shemeji, macho yalimjaa machozi. Akasingizia sabuni.

Siku chache baadaye simu ikalia.

"Gari limezima."

"Haliwezi kuzima."

"Unabishana na mteja? Niko pale makutano ya soko."

Alilikuta limeegeshwa pembeni vizuri kabisa, na mpambaji amekaa kwenye usukani na gauni lile lile la njano. Fyuzi alipima bila kumwangalia usoni. Kompyuta nzima. Pampu kimya. Akafungua kifuniko cha fyuzi.

"Fyuzi ya pampu haipo."

Mpambaji akafungua kiganja. Ilikuwa humo, imelowa jasho.

"Mama kaniambia ulivyofua," akasema, akiangalia nje. "Nikataka kukupigia. Nikaona aibu kupiga bila sababu."

Fyuzi aliichukua, akaichomeka mahali pake, akakaa kiti cha abiria. Kisha simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa, akaona jina, akageuka: mpambaji ameweka yake sikioni, macho mbele barabarani.

"Haloo," Fyuzi akasema.

"Umekula?"

"Bado," akajibu.

"Basi funga mkanda."