Nilimjibia Baba kwa Tabibu wa Meno

Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa hapa Lindi, Mitwero. Ukiniona sokoni utadhani ni mwanamke aliyetulia. Wapi! Nina jambo ambalo mume wangu halijui, kaka yangu halijui, na wa kwetu aliyelijua yuko kaburini mwaka wa tano sasa... Ndugu wasomaji, leo nalitapika.

Kwetu ni Pande, wilaya ya Kilwa. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na tulipohamia kijiji cha ujamaa alihama na wanafunzi wake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mimi nilikuwa nimeachika na kurudi nyumbani, mama alikwisha fariki, basi vidonge vyake, vilivyotoka hospitali ya wilaya, nilimpa mimi, asubuhi na jioni, na kijijini hawakuwa na habari. Aliwahi kujikata dole gumba kwa jembe katika shamba la kijiji, kidonda kikachukua miezi minne kupona. Nilikiosha kwa mikono yangu hii. Asije mtu akasema sikujua. Nilijua!

Mwaka uliofuata nikaposwa na karani mmoja wa Lindi. Dada zake wawili wakaja kutuona. Baba akawaombea dua ndefu kwa mdomo wake uliobaki na meno matano, yote mabovu, mate yakawa yanamruka. Wale wanawake wakajifunika kanga wakicheka. Je, niliwakasirikia wao? La! Nilimkasirikia baba yangu... Hata kuandika haya naona haya.

Nikaanza kumsakama. Siku ya ndoa walii ni wewe baba, utaniozesha mbele ya watu wa mjini kwa mdomo huo? Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anazungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja, hata mbele ya wanafunzi wake. Nami nikafurahi, nikaona maneno yameingia. Mwisho akakubali kung'oa yote matano na kuwekewa ya bandia.

Tabibu wa meno alifika zahanati yetu mara moja kwa mwezi, bwana mmoja mpole mwenye sanduku la bati. Utaratibu wake tuliujua sote. Mzee mwenye sukari, presha au moyo hakumng'oa pale. Alimwandikia barua akapimwe kwanza hospitali ya wilaya. Na mimi ndoa yangu ilikuwa baada ya miezi mitatu! Fizi zipone, meno ya bandia yapimwe, yatengenezwe... Muda huo ningeutoa wapi?

Chumbani tuliingia watatu tu: yeye, baba na mimi. Akamwamkia baba, kisha akamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, una maradhi mengine yoyote? Sukari? Presha?"

Baba akafungua mdomo. Nikamuwahi. "Hana lolote, bwana tabibu. Yuko buheri wa afya!"

Baba akanitazama... Angeweza kunikanusha. Lakini amuumbue binti yake mbele ya mwanamume mgeni? Akasema polepole, "Mwanangu ameshasema," akakaa kitini.

Meno yote matano yakatoka bila tabu. Tabibu akatuonya kwamba akivimba au akipata homa, tusingoje.

Siku ya tatu taya likawa la moto. Majirani, kwa wema wao, wakaleta uji wenye sukari tele, maana mwalimu hawezi kutafuna. Ningewazuia vipi? Nikisema ana sukari, uongo wangu umefika barazani! Baba akaunywa, bakuli baada ya bakuli, akiwashukuru. Mimi nimekaa pembeni natazama.

Siku ya tano shingo ilikuwa imevimba hadi kifuani, na mdomo unatoa harufu. Mganga wa zahanati akaja, akaniuliza kama mzee ana ugonjwa wowote. Nikasema hana. Mara ya pili hiyo, wasomaji! Aliyenisukuma nani?

Kaka yangu Salumu akamlaza baba juu ya magunia ya korosho katika lori la kijiji, tukaenda hospitali. Njia nzima alikuwa akivuta pumzi kwa shida, na shahada akaitamka kwa kidole tu, kwa sababu ulimi haukunyanyuka tena. Hakuiona kesho yake.

Daktari akatoka akiwa amekasirika. Nani amemng'oa meno mzee mwenye sukari nyingi namna hii bila kupimwa? Salumu akamtaja tabibu wa meno. Mimi nikajifunika kanga, nikalia.

Mwezi uliofuata yule bwana akarudi na sanduku lake, hana habari ya msiba, amekuja kumpima baba meno mapya. Salumu akamkaba shati mbele ya kijiji kizima. "Niliuliza!" tabibu akapiga kelele. "Dada, si niliuliza ukanijibu?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Hakuuliza kitu."

Wakamfukuza kwa matusi, sanduku lake likavunjwa. Nikasikia baadaye kuwa kazi aliachishwa. Tangu hapo tabibu mwingine hajakanyaga kwetu, na wazee wa Pande wanafunga mataya kwa vitambaa wakiugulia ndani.

Ndoa je? Ilifungwa! Baba mdogo aliniozesha, na meno yake yalikuwa kamili. Nilichokitaka nilikipata, na tangu siku ile sijala chakula kikanipendeza.

Ndugu zangu, wenye wazazi, nawasihi! Mzee akiulizwa maradhi yake, muacheni ajibu. Akiona haya, msaidieni kusema kweli. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu mfichaji nilikuwa mimi, akafa mwingine. Na msiwaonee haya wazazi wenu kwa sababu ya macho ya wakwe.

Salumu anasoma Kurani tu, herufi za gazeti hazijui. Gazeti hili likitoka nitalipeleka Pande mwenyewe, nimsomee mbele ya wale wale waliovunja sanduku. Tabibu hakukosa, kaka. Aliuliza, na aliyejibu nilikuwa mimi. Baada ya hapo nifanyieni mtakalo.